Uzito wa Kakakuona

Njia ya kwenda Himaya sitaieleza. Mtu akiitaka ataipata, na akishafika hataikumbuka, kama ilivyonitokea mimi. Nitasimulia niliyoyaona huko, na pale ambapo sikuelewa nitasema wazi kwamba sikuelewa. Msomaji aniwie radhi, maana mahali pa namna hiyo ni pengi.

Himaya ni nchi ndogo yenye msitu mkubwa. Barabara moja ya lami inavitenga: upande huu nyumba, upande ule miti. Wenyeji wanaupenda sana msitu wao, na namna yao ya kuupenda ni kutouingia. Wanyama wamechorwa kwenye noti, kwenye stempu, kwenye kuta za zahanati na kwenye kofia za askari. Wanafunzi huanza siku kwa wimbo wa kumsifu tembo. Nilimwuliza mwalimu wao mmoja kama amewahi kumwona tembo.

"Sisi tunawalinda," alinijibu, akionekana kushangazwa na swali langu. "Mambo ya kuwaona hayo ni ya watu wengine."

Sheria kuu ya nchi hiyo ni fupi, na kila mtu anaijua kwa ghibu: kiumbe chochote hai kilichomo msituni, au kilichotoka humo, ni mali ya taifa, na mtu haruhusiwi kukishika, kukilisha, kukisumbua, kukibeba wala kukaa nacho. Mwasisi wa taifa, ambaye sanamu yake imesimama mbele ya mahakama, aliacha wosia kwamba adhabu iwe sawa na uzito wa kosa. Waliokuja baada yake walikuwa watu waaminifu mno. Wakanunua mizani. Mnyama anayekutwa na mtu hupimwa siku ya hukumu, na kila kilo ni mwaka mmoja jela.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaomba nielezwe tena. Nikaelezwa vilevile.

Nilipanga chumba kwa mwanamke aitwaye Sikuzani, mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro na mito ya sufi, kwa hiyo nyumba yake yote ilijaa nyuzi nyeupe. Zilikuwa kwenye nywele zake, kwenye chai, kwenye kope za mdogo wake. Mdogo wake huyo aliitwa Chande, fundi baiskeli, kijana mkubwa mwenye hasira za karibu. Wazazi wao walifariki akiwa bado mtoto, na Sikuzani ndiye aliyemlea. Hakuolewa. Chande aliamini ni kwa sababu yake, na dada mtu hakuwahi kumwambia ndiyo wala siyo.

Asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai, Sikuzani aliingiza mkono kwenye gunia la sufi, akautoa haraka.

"Chande, hebu njoo. Kuna kitu kigumu humu."

"Jiwe hilo. Wale wauza sufi wanaongeza mawe ili gunia liwe zito."

"Jiwe haliwi na joto."

Chande alilimwaga gunia. Katikati ya sufi kulikuwa na mpira wa magamba ya kahawia, umejikunja barabara. Tulisubiri. Baada ya muda mpira ule ulifunguka kidogo, ikatokeza pua ndefu, ikanusa hewa, ikapiga chafya. Alikuwa kakakuona. Sikuzani alicheka kwa mabega hadi akalazimika kukaa chini.

Nafikiri mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini majirani walisikia, na majirani wa Himaya, kama wa kwingine, wanajua kwamba kakakuona hutabiri mwaka. Mmoja alileta bakuli la maji, mwingine konzi ya mtama, mwingine kisu, wakavipanga sakafuni ili mnyama achague: mvua, mavuno au vita. Nyumba ikajaa. Kakakuona alivipita vyote vitatu bila kugeuza kichwa, akaelekea mlangoni, na hapo mlangoni alikuwa amesimama askari wa wanyamapori, Afande Lukuba, aliyevutwa na kelele.

Pua ya kakakuona ilipokaribia kiatu chake, Afande Lukuba aliruka akapanda juu ya kigoda.

"Mwondoeni! Akinigusa nitakuwa nimekutwa naye!"

"Nikimwondoa si nitakuwa nimemsumbua, afande?" Sikuzani aliuliza. Hakuwa anafanya mzaha. Alitaka kujua.

Afande alifikiri akiwa bado amesimama kwenye kigoda. Alikuwa mtu mzima mwenye sura ya upole, na niliona kwamba kufikiri kunamtesa.

"Kwanza tuanze na hili," alisema. "Mnyama huyu yuko kwa nani?"

"Amekuja mwenyewe."

"Sikuuliza amekujaje. Nimeuliza yuko kwa nani."

"Hapa ni kwangu. Basi yuko kwangu."

"Umekiri," alisema Afande, kwa huzuni, na majirani wote wakatoka nje pamoja na bakuli lao.

Nilijiona nina wajibu, kama mgeni, wa kuuliza Sikuzani alipaswa kufanya nini. Afande alinieleza kwa subira. Kumfukuza mnyama ni kumsumbua. Kumrudisha msituni ni kumbeba. Kumwacha pale alipo ni kukaa naye. Kutoa taarifa ni vizuri sana, ila mtoa taarifa lazima aonyeshe mnyama, na anayeonyesha mnyama anaye.

"Sasa mtu afanye nini?"

"Asikutwe," alisema Afande.

Askari wengine walikuja na kizimba. Hakuna aliyekubali kumgusa mnyama, hivyo Sikuzani mwenyewe alimnyanyua, akamtia ndani, akamwekea sufi kidogo ya kulalia. Hilo likawa shtaka la pili: kumbeba.

Mahakama ya Himaya ni jengo zuri lenye mapazia mazito. Kesi iliyosikilizwa kabla ya ile ya Sikuzani ilimhusu Bwana Saburi, mfanyabiashara aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, ambaye ghala lake lilikutwa limejaa meno ya tembo kutoka sakafuni hadi darini. Niliketi nikitarajia kuona kishindo.

"Tembo wenyewe wako wapi?" aliuliza Hakimu.

"Wamekufa, Mheshimiwa," alijibu Bwana Saburi, akainamisha kichwa.

"Poleni," alisema Hakimu. Kisha akaeleza kwamba sheria iliyo mbele yake inahusu viumbe hai. Kiumbe kilichokufa huacha nyara, na nyara husikilizwa na Mahakama ya Nyara, ambayo bado haijajengwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa zamani. Nililiona baadaye, limeota nyasi. Bwana Saburi aliagizwa ayatunze meno hayo mahali pakavu hadi mahakama hiyo itakapokamilika. Alishukuru. Niliambiwa yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Nilimgeukia mtu aliyekaa karibu yangu. "Yaani angekutwa na tembo hao wakiwa hai ingekuwaje?"

Mtu yule alishika kichwa. "Tembo mzima? Si angefungwa yeye na wajukuu zake!"

Ndipo akaitwa Sikuzani. Alisimama kizimbani na nyuzi za sufi bado ziko kwenye nywele. Kielelezo kililetwa, kikapimwa kwa ajili ya kumbukumbu, kikaonekana kina kilo nane. Mwendesha mashtaka, mtu mrefu mwenye sauti nzuri ya kuimbia, alisema upelelezi haujakamilika. Hakimu aliuliza kitu gani hakijakamilika. Akajibiwa kwamba inabidi mtaalamu aje athibitishe kama kakakuona ni kakakuona. Watu wote mle ndani tulimtazama kakakuona. Kesi ikaahirishwa, mshitakiwa akapelekwa mahabusu, na kielelezo kikafungiwa kwenye stoo ya vielelezo, chumba kinachopakana na mahabusu ya wanawake.

Mtaalamu alichelewa. Wakati huo wote kielelezo kilipewa chakula kile kile walichopewa mahabusu, wali na maharage, kwa kuwa hakuna sheria iliyotaja chakula kingine. Hakikula. Wakili wa Sikuzani, Bi. Farashuu, mwanamke mchangamfu mwenye kutembea haraka, alikuja nyumbani kwetu akiwa na furaha.

"Amepungua!" alisema hata kabla hajaketi. "Amebaki kilo tano na kitu. Mambo yanakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea."

Chande hakumwelewa, mimi pia. Bi. Farashuu akatufafanulia. Kadiri mnyama anavyokonda, kifungo kinakonda naye. Na akifa kabla ya hukumu, hakuna tena kiumbe hai. Kunabaki nyara, na nyara ni za ile mahakama nyingine.

"Dada atatoka?" Chande aliuliza taratibu.

"Atatoka siku hiyo hiyo. Sisi kazi yetu ni kusubiri tu."

Kuanzia hapo niliona jambo la ajabu katika nyumba ile. Chande, ambaye alikuwa akiokota mende kwa karatasi na kuwatoa nje, alianza kuomba dua mnyama afe. Aliomba kwa sauti, mikono yake ikiwa na grisi ya baiskeli. Nami nilikuwa naitikia amina, kisha nakaa nikijiuliza nimeitikia nini.

Tulimtembelea Sikuzani mahabusu. Alikuwa amepungua pia. Aliuliza habari za nyumba, za mteja wake Mama Tunu ambaye godoro lake lilibaki nusu, halafu akageuza sikio ukutani.

"Mnamsikia?" alisema.

Hatukusikia kitu.

"Anakwaruza ukuta. Siku za kwanza alikwaruza kwa nguvu. Sasa anakwaruza mara moja, anapumzika."

"Vizuri," alisema Chande.

"Chande."

"Vizuri, dada! Afe, wewe urudi nyumbani. Wakili amesema."

"Nimemsikia wakili. Lakini yule alikuja kwangu. Alitafuta mahali pa kulala, akapapata, mimi nikamwekea watu wa kumshangaa. Sasa tena nikae hapa nimsikilize anavyokufa ili nipate faida?"

"Hukumwita aje! Nani alimwita?"

Sikuzani alimgeukia mdogo wake. "Na wewe nani alikuita? Uliletwa mlangoni una surua, umefunikwa kanga ya jirani. Mimi nilikuwa nina mipango yangu."

Chande aliinuka, akatoka bila kuaga. Nilimkuta nje ameinamia ukuta. Nilipofungua kinywa akaniambia, "Mgeni, tafadhali, usiseme kitu."

Siku kesi ilipotajwa tena, Sikuzani aliomba ruhusa kuzungumza.

"Mheshimiwa, yule mnyama anakula mchwa na siafu. Hali wali. Naomba aletewe udongo wa kichuguu. Kama hakuna wa kumpa, nitampa mimi."

Bi. Farashuu alisimama kwa haraka hadi faili lake likaanguka. "Napinga, Mheshimiwa! Nampinga mteja wangu!"

"Upande wa mashtaka unamuunga mkono mshitakiwa," alisema mwendesha mashtaka, uso ukiwa umemng'ara.

Hakimu alivua miwani. Aliangalia upande mmoja, akaangalia upande mwingine. Alikuwa mzee nadhifu ambaye, nilivyoelewa, alipenda mambo yaende kwa mpango.

"Kabla sijaendelea," alisema, "naomba nielezwe ni nani hapa yuko upande wa nani."

Kulizuka mjadala mrefu. Bi. Farashuu alisema mshitakiwa hana haki ya kujiumiza. Mwendesha mashtaka alisema serikali haiwezi kumzuia raia kuisaidia. Karani aliuliza kama amwandike Sikuzani kuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Halafu mtu fulani akakumbusha kwamba kumlisha mnyama wa msituni ni kosa, na hilo wote walikuwa wamelisahau. Hatimaye Hakimu alipata njia. Alisema mahabusu yuko mikononi mwa serikali mzima mzima, mikono yake ikiwamo. Kwa hiyo mikono ya Sikuzani ikilisha, iliyolisha ni serikali. Udongo wa kichuguu uletwe na ndugu zake.

Tulipotoka, Chande alinipita njiani kama hanijui. Nyumbani akajifungia. Kwa kuwa yeye ndiye ndugu na amegoma, nilichukua jembe mimi, nikaenda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shule, nikaanza kuchimba. Siafu walinipanda miguuni, nikawa nachimba na kurukaruka. Sijui nilikuwa nimehangaika kwa muda gani nilipoona jembe linachukuliwa mkononi mwangu.

"Unachimba kama mtu anayejikuna mgongo," alisema Chande. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lete hapa."

Alichimba kwa hasira, akajaza ndoo, akaibeba mwenyewe hadi mahabusu. Kesho yake akachimba tena. Kila alipokabidhi ndoo alikuwa anasema maneno mabaya kuhusu kakakuona na ukoo wake wote, halafu anamwuliza askari wa zamu: "Jana alikula?" Na akiambiwa amekula, anatukana tena, lakini kwa sauti ya chini.

Sikuzani aliruhusiwa kuingia stoo kila siku kumlisha. Mara moja nilimwona kupitia dirishani, amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, na yule mnyama amezamisha pua katika bonge la udongo kati ya magoti yake. Alikuwa anamsimulia jambo fulani. Sikuweza kusikia.

Mtaalamu alifika hatimaye. Alimtazama kakakuona, akatazama picha iliyo kwenye noti, akasema kwa kadiri ya ujuzi wake vinafanana. Mnyama akawekwa kwenye mizani. Ukumbi mzima ulinyoosha shingo. Alikuwa na kilo tisa.

Mwendesha mashtaka alimpa Sikuzani mkono wa pongezi. Bi. Farashuu alikaa amefunika uso kwa mikono yake.

Hakimu alisoma uamuzi wake. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajaona mshitakiwa aliyemtunza mnyama kwa upendo kama huu, na kwamba kama kila raia angekuwa hivi, msitu usingehitaji sheria. Aliagiza sifa hizo ziandikwe kwa wino wa kijani. Kisha akasema sifa hazina uzito, maana amezitafuta kwenye sheria na hakuona kilo zake. Akamhukumu kifungo cha miaka tisa. Baadhi ya watu walipiga makofi, wengine walilia, na waliokuwa wamepiga makofi wakawaangalia waliolia, wakaacha.

Chande alikaa tu anajikwangua grisi kwenye kucha.

Ilibaki kazi moja. Kielelezo kikishamaliza kazi yake hurudishwa msituni. Lakini nani ampeleke? Afande Lukuba alikataa. Askari wengine walikataa. Mwendesha mashtaka alisema mtu pekee anayeweza kumbeba mnyama bila kutenda kosa jipya ni yule ambaye kosa hilo ameshafungwa nalo. Hivyo tukaenda sote kwa miguu: Sikuzani mbele na sare yake ya kifungo, kakakuona amemkumbatia kifuani, nyuma yake Afande, mwendesha mashtaka, karani wa kuandika, Chande, na mimi.

Tulipofika kwenye barabara ya lami, wote walisimama. Sikuzani alivuka, akaingia kati ya miti. Alitembea kidogo, bado tukiwa tunamwona, akapiga magoti, akamweka mnyama chini. Kakakuona alikaa amejikunja kwa muda, kisha akajifungua, akanusa, akaondoka kwa mwendo wake wa kuyumba bila kugeuka. Sikuzani alimsindikiza kwa macho mpaka majani yalipomfunika.

Halafu alikaa chini, akaegemea mti.

"Haya, Sikuzani, twende," aliita Afande Lukuba.

"Nimechoka, afande. Acha nipumzike."

Tulisubiri. Hakuinuka. Afande aliita tena, naye akajibu tena kwa adabu kwamba bado anapumzika. Afande alinyanyua mguu kuvuka barabara ili amfuate, na hapo mwendesha mashtaka akamshika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kumkamata."

"Utamshikaje? Kiumbe chochote hai kilichomo msituni ni mali ya taifa. Hakishikwi, hakisumbuliwi, hakibebwi."

"Lakini huyu ni mfungwa!"

"Akitoka ni mfungwa. Kwa sasa yumo." Sauti yake nzuri ilikuwa imeanza kukauka, nilimwona anageuza sheria kichwani, akitafuta mahali ilipofunguka, asipaone. "Halafu mwangalie vizuri. Mtu kama yule hapungui kilo sitini."

Afande aliurudisha mguu wake barabarani polepole, akauweka karibu na ule mwingine.

Walijadiliana hapo kwa muda mrefu. Karani aliuliza aandike nini: ametoroka, au amehifadhiwa? Mimi nilikuwa nawasikiliza, na kwa kweli nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama yule mama amekaa peke yake chini ya mti na nguo ya kifungo, hana jiko, hana shuka, hana hata sindano yake, kicheko kikaisha. Sikujua kama ameshinda. Sijui hadi leo.

Chande alisogea hadi ukingo wa lami.

"Dada, toka basi."

"Nikitoka?"

"Miaka tisa."

"Nikikaa humu?"

Chande alimgeukia mwendesha mashtaka.

"Mzee, mimi nikiingia humo ni kosa?"

"Kosa kubwa."

"Nitakamatwa lini?"

"Utakapotoka."

Chande alitikisa kichwa taratibu, akinikumbusha fundi aliyekwisha kuona tatizo la baiskeli liko wapi. Alinijia, akanipa ufunguo wa nyumba.

"Mgeni, godoro la Mama Tunu halijamalizwa. Mwambie atuwie radhi. Sufi yake ipo yote, achukue."

"Chande, utakula nini humo?" nilimwuliza. "Mtaishije?"

"Sijui," alisema. "Hata dada hakujua siku nilipoletwa kwake."

Akavuka. Afande Lukuba aliita jina lake mara moja, bila nguvu, kwa ajili ya wajibu. Nilimwona Sikuzani anainuka haraka, mikono kiunoni, na sauti yake ikatufikia barabarani, kali, ya mtu aliye nyumbani kwake.

"Wewe mtoto una akili kweli? Umekuja na malapa? Huoni miiba yote hii? Vaa hivi vyangu."

"Havinitoshi, dada."

"Vaa nimesema!"

Akavua raba za gereza, akamrushia. Waliendelea kubishana wakitembea, kuhusu viatu na kuhusu nani atangulie, sauti zao zikienda ndani zaidi, hadi ikawa vigumu kutofautisha maneno na majani. Sisi tuliobaki tulisimama kwenye lami ya moto, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka. Afande Lukuba ndiye aliyepangwa abaki pale kuwalinda wasisumbuliwe. Alivua kofia yake yenye picha ya tembo, akajifuta jasho, akaketi ukingoni mwa barabara akiwa ameukabili msitu.